Jina la Baba

Kwa Kiswahili cha kwetu Unguja, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba. Aliyefiwa na mama huhurumiwa, hata huliliwa, lakini haitwi yatima, kwa kuwa baba yake yupo, na baba ndiye mwenye jina. Jambo hilo nililijua tangu nikiwa chuoni, kama kila mtoto wa chuoni anavyolijua, wala sikuwahi kulitafakari mpaka mwaka 2012, nilipoajiriwa kuwa afisa wa ustawi wa jamii wa daraja la chini, nikapewa meza yenye mguu mmoja mfupi, kabati la mafaili na daftari la kuandikia safari za shamba. Fomu niliyokuwa nikiijaza ilianza na jina la mtoto, na mstari wa pili ulitaka jina la baba. Mstari huo ndio ulionikwamisha. Umri unaweza kuukadiria, na daktari akakusaidia. Pahala alipookotwa mtoto sheha atakuonyesha. Lakini baba hakadiriwi.

Kazi ya afisa mpya ni ya miguu zaidi kuliko ya kichwa. Asubuhi unaripoti, unakuta salamu kwamba sheha wa kijiji fulani amepiga simu, unakwenda kupanda gari ya shamba, unashuka, unauliza njia, unapiga hodi. Ukikaribishwa unaketi mkekani, unaamkia wakubwa kwa utaratibu wao, unauliza habari za mvua na za bahari, ndipo unapolitaja lililokuleta. Anayeanza na fomu harudi na kitu. Hilo sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na dereva mmoja wa idara, mtu mzima, aliyekuwa akinisubiri chini ya mwembe na kunitazama nikitoka mikono mitupu.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihusu watoto wa kuokotwa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba hapa Zanzibar takriban msichana 1 kati ya 20 na mvulana 1 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimia miaka 18. Mwaka huo huo wa 2011 kilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ili mtoto aonane na daktari, polisi na mshauri pahala pamoja badala ya kuzungushwa mjini akirudia aibu yake kila mlangoni. Siku nyingi nilizimaliza pale. Lakini hayo siyaandiki hapa, kwani wenyewe wako hai na kisiwa ni kidogo.

Mitaani tuliitwa “watu wa ustawi”, na wengine walituita wachukua watoto. Nikipita Kwahani au Jang'ombe na mkoba wangu, niliwahi kuona mama akimvuta mwanawe ndani na kurudisha mlango. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nilianza kusoma habari za kale za mji huu, jioni baada ya kazi, nikaona kwamba hofu ile ina mizizi. Kisiwa ambacho kwa miaka mingi kililetewa watoto kwa majahazi, wakauzwa Mkunazini hatua chache kutoka sokoni kwetu Darajani, hakiwezi kumwamini upesi mgeni anayeuliza mtoto huyu ni wa nani na ana miaka mingapi.

Hapo ndipo nilipokutana na wenzangu wa zamani, watu waliofanya kazi kama yangu kabla haijapewa jina. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere, wa misheni ya Kiingereza ya UMCA, walifika Unguja. Hawajakaa sana, Sayyid Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa. Wavulana watano, na wazungu wawili ambao hawakuwa wamewahi kulea. Kutoka hapo ikaja skuli ya wavulana ya Kiungani. Na shamba la Mbweni, lililonunuliwa 1871, likawa kijiji cha walioachwa huru na skuli ya wasichana, ambayo Caroline Thackeray aliiongoza tangu 1877. Bibi huyo hakurudi kwao. Alifariki hapa hapa mwaka 1926. Magofu ya skuli yake yapo hadi leo kando ya bahari, ndani ya uwanja wa hoteli, na watalii hupigia picha chini ya matao yake. Mapadri Wafaransa nao walikuwa wametangulia, tangu 1860, na wao walifika hata kununua watoto sokoni kwa fedha ili wawatoe, kabla ya kuhamishia kazi yao Bagamoyo mwaka 1868.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa. Lakini majahazi hayakukoma siku ile. Manowari za Kiingereza ziliendelea kuyasaka baharini, na watoto waliopatikana waligawiwa: hawa Kiungani, hawa Mbweni, hawa Bagamoyo, wengine kwa watu binafsi. Nikisoma habari za kugawiwa huko nilikuwa nikiona kikao chetu cha Jumatatu: orodha mezani, vitanda vilivyobaki, nani amchukue nani.

Kitu kilichonishika zaidi ni kitabu kilichochapishwa London mwaka 1887. Wavulana wa Kiungani waliambiwa waandike, kwa Kiswahili, kila mmoja habari za maisha yake: kwao wapi, alikamatwaje, alipita mikononi mwa nani na nani mpaka akafika pwani. Mwalimu wao, A. C. Madan, akazifasiri kwa Kiingereza. Nimesoma ripoti nyingi za watoto na nimeandika nyingi zaidi, na bado sijui ripoti iliyotangulia zile katika kisiwa hiki. Tofauti na za kwetu, mtoto mwenyewe ndiye aliyeandika. Sisi tunaandika “mtoto anadai”, “mtoto anaonekana”. Nilimweleza mkubwa wangu wa kazi kwamba ingefaa kila faili liwe na karatasi moja ya mtoto mwenyewe, au mchoro kama hajui kuandika. Akaniambia wazo ni zuri, karatasi hakuna. Nikawa nanunua mwenyewe.

Tazama majina yao sasa. Wawili wa mwanzo kutiwa daraja katika kanisa lile, mwaka 1870, walikuwa John Swedi na George Farajallah. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, aliyewekwa 1890, alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa mtumwa utotoni. Farajallah na Majaliwa ni aina ya majina waliyopewa watumwa hapa: majina ya kushukuru, yenye kumsifu Mungu kwa neema aliyoipata tajiri. Hayakuwa na “bin”. Mtumwa alikuwa Farajallah wa fulani, na huyo fulani alikuwa mwenyewe, si baba. Kisha padri akatanguliza John au George. Mtoto akabaki na jina la ubatizo na jina la utumwani, na jina alilopewa na mama yake kule bara likabaki kule kule. Siwalaumu wale wamisheni, kwani waliwapa watoto wale chakula, kitabu na uhuru, na wengine walizikwa hapa kwa homa katika kazi hiyo. Nasema tu kwamba mtu aliyekuwa na haja ya kumpata Majaliwa kwa jina la babu yake asingempata.

Upande wa pili ulikuwa sheria tuliyokuwa nayo sisi wenyewe. Kadhi mmoja mstaafu, niliyekuwa nikimwendea alasiri katika baraza yake Vuga, alinifungulia Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho makadhi wa Kishafii wa hapa wamekitegemea kwa vizazi. Mna mlango mzima wa mtoto wa kuokotwa. Kumwokota ni wajibu wa watu wote, na akifanya mmoja wengine wamesalimika. Aliyeokota lazima aweke mashahidi. Awe mtu mwadilifu. Mtoto huyo huhesabiwa kuwa ni huru, na gharama zake, kama hana mali, ni juu ya hazina ya Waislamu. Nilimuuliza, mashahidi wa nini? Akanijibu, “Mwanangu, bila ya shahidi, baada ya miaka mitano yule aliyemwokota anaweza kusema ni mtumwa wake, au kusema ni mwanawe. Yote mawili ni uwongo.” Nilikaa kimya nikifikiri ile barua ya sheha na ile ripoti ya polisi tunazodai katika kila faili, na jinsi watu wanavyozilalamikia kuwa ni urasimu wa kizungu.

Akanikumbusha pia habari za Zaid bin Haritha, ambaye Mtume alimlea na watu wakawa wanamwita Zaid bin Muhammad, hata iliposhuka Surat al-Ahzab wakaamrishwa kuwaita watoto wa kulea kwa baba zao. Basi hapo ndipo lilipo shina la jambo. Kumlea mtoto wa mwenzio ni thawabu, na hadithi ya vidole viwili kila mtu anaijua. Kumpa nasaba isiyo yake ni haramu. Malezi ya namna hiyo, ya kumdhamini mtoto bila kumbadilisha asili yake, ndiyo kafala, na mlezi ni kafili.

Kwa kweli Waswahili hawakungojea kitabu kuleana. Mimi mwenyewe nimelelewa Makunduchi na bibi mzaa mama, kwa sababu tu alikuwa peke yake na mama alikuwa na watoto wengi mjini. Hakuna aliyekwenda kwa hakimu. Mtoto alipelekwa kwa shangazi asome, kwa bibi amtumikie, kwa mama mdogo asiyezaa amliwaze, na siku za sikukuu akarudi kuwaamkia waliomzaa. Utaratibu huo ulifanya kazi kwa sababu kila mtu alijua mtoto ni wa nani. Ulishindwa pale ambapo hakuna aliyejua, au ambapo aliyejua aliogopa kusema.

Na kuogopa kulikuwa na sababu. Mwaka 1985 ilitungwa hapa Zanzibar sheria ambayo kwa jina lake ilikuwa ya kuwalinda wari na wanawake walioachwa, na kwa maneno yake mwanamke asiye na mume akishika mimba aliweza kufungwa. Ilidumu miaka 20. Sheria Namba 4 ya 2005 ndiyo iliyokiondoa kifungo hicho, ikaweka kazi za kijamii mahali pake. Mkunga mmoja wa shamba aliniambia kwamba katika miaka ile wasichana wa mjini walikuja kwao “kumwangalia bibi mgonjwa”, wakakaa miezi mitano, na bibi hakuwa mgonjwa. Watoto wao walikwenda wapi? Wengine wakawa wadogo wa mama zao kwenye vyeti vya kuzaliwa. Wengine hawakuwa na hata hicho. Naamini, na hili ni rai yangu tu, kwamba sheria iliyomtisha mama ilizalisha watoto wasio na mama kuliko ilivyozuia zinaa.

Serikali nayo ilikuwa na nyumba yake ya watoto. Ukisimama bustani ya Forodhani utaliona jengo ambalo njia ya magari inapita chini ya tumbo lake. Lilikuwa kilabu ya Waingereza, likawa skuli ya Wahindi, kisha likawa nyumba ya mayatima, na watu wazima wa Mji Mkongwe bado wanaliita hivyo ijapokuwa watoto walishahamishiwa Mazizini. Tangu 1991 pana pia kijiji cha SOS. Katika nyumba kama hizi utakuta watoto wengi ambao si yatima hata kidogo: baba yupo Dar es Salaam, mama yupo Oman anatumikia watu, bibi amechoka. Nilikuwa nikishindwa kuwafahamisha hilo wageni wa mahoteli waliokuwa wakija ofisini na ngozi zimewaiva kwa jua, wiki ya pili ya likizo yao, wakitaka kuondoka na mtoto.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ilikuwa na mwaka mmoja tu nilipoanza kazi. Ilipata sifa nje, hata ikatunukiwa tuzo ya kimataifa mwaka 2015, lakini kwetu ofisini ilikuwa kijitabu kimoja kilichozunguka meza sita. Uzuri wake ni kwamba iliweka pamoja malezi ya muda katika familia nyingine, kafala, na kuasili kwa amri ya mahakama. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, ulikuwa tayari umeitaja kafala kwa jina lake katika kifungu cha 20. Jambo ambalo kadhi wangu alilisoma katika Minhaj na bibi yangu alilifanya bila kusoma, sasa lilikuwa na fomu. Na fomu ikaja na ule mstari wa pili.

Mwaka 2013 niliitwa katika kijiji kimoja cha Kaskazini. Mtoto mchanga wa kiume alikuwa ameokotwa alfajiri kwenye baraza ya msikiti, amefungwa katika kanga mpya. Nilipofika alikuwa ameshakaa siku ishirini kwa mke wa mvuvi mmoja ambaye hakujaaliwa kuzaa. Nilimkuta ukumbini, mtoto miguuni, anamsinga kwa mafuta ya nazi.

“Mwanangu,” aliniambia kabla sijafungua mkoba, “huyu nimepewa na Mwenyezi Mungu. Wewe unamtakia nini?”

“Simtaki, mama. Nataka ajulikane kuwa yuko kwako.”

“Kijiji kizima kinajua.”

“Kijiji kikisahau?”

Akanyamaza. Halafu akaanza kunieleza aliyoyatengeneza yeye. Mdogo wake alikuwa ananyonyesha wakati ule, na tangu siku ya pili alimnyonyesha na huyu, mara nyingi zaidi ya zile tano zinazohitajika kwa Mashafii, ili akikua asiwe mwanamme wa kando ndani ya nyumba. Mtoto ameshakuwa mwana wa kunyonya wa mdogo wake, na yeye ameshakuwa mama yake mkubwa. Hatajitanda mbele yake. Nilikuwa nimekwenda kumfahamisha sheria, nikakuta nusu yake ameshaimaliza.

Nusu iliyobaki ilikuwa kwa mumewe. Huyo alirudi pwani mchana, akaniamkia kwa upole, akataka jambo moja tu: mtoto aandikwe kwa jina lake. Nilimtajia Zaid. “Namjua Zaid,” alisema. “Lakini Zaid alikuwa na baba anayejulikana. Haritha alimfuata mpaka Makka akimtafuta. Huyu nani atamfuata? Siku akienda skuli, mwalimu akimwita, atamwita bin nani?”

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka leo naona hoja yake ilikuwa na uzito kuliko nyingi nilizozisikia kwenye semina. Aliyoyasema yalikuwa ya mapenzi. Lakini nilikuwa nimesoma kile kitabu cha Kiungani, na nilijua mapenzi ya mlezi yanaweza kufuta. Ile kanga mpya haikununuliwa na mtu asiyejali. Kama siku moja mwanamke mwenye kanga ile atasimama mlangoni, au mtoto mwenyewe akiwa na miaka ishirini ataanza kuuliza, lazima pawe na karatasi inayosema tarehe, baraza ipi, nani aliyemwona kwanza, na kwamba huyu baba ni mlezi. Nikiandika jina la mvuvi kwenye mstari wa pili, karatasi hiyo inakuwa imekufa.

Tulikwenda sote kwa kadhi. Ilichukua safari tatu, maana mara ya kwanza alikuwa safarini na mara ya pili bahari ilikuwa na samaki, na mvuvi hakuja. Kadhi alipendekeza mtoto aitwe bin Abdalla.

“Abdalla yupi?” mvuvi akauliza.

“Sisi sote ni waja wa Mwenyezi Mungu. Hata wewe.”

Mvuvi alicheka kidogo bila kutaka. Jina la kwanza la mtoto walimpa lile la baba yake mvuvi, ambalo hakuna aliyeweza kuwakatalia. Katika faili niliandika: kafili, fulani bin fulani, aliyeokota, fulani, mashahidi wawili na sheha. Kipande cha kanga nilikitia katika bahasha. Mahakama ilitoa amri yake baada ya miezi minane. Kila miezi mitatu nilikwenda kuwatembelea kama inavyotakiwa, na kila safari nilirudi na samaki, ambaye kwa kanuni za utumishi sikutakiwa kumpokea, na kwa kanuni za kijiji sikuweza kumkataa. Nikampa dereva.

Mwaka 2021, nikiwa nimeshapanda daraja na meza yangu ina miguu sawasawa, mvuvi yule alikuja ofisini peke yake, kofia mkononi. Mtoto alikuwa na miaka minane. Alikuwa ameanza kufikiri habari za mauti. Alijua kwamba mwana wa kafala harithi. Akifa yeye, mkewe atapata robo na ndugu zake watachukua kilichobaki. Ana nyumba na mashua moja. Alitaka kumpa mtoto mashua.

Nilimwambia ziko njia mbili: wasia, ambao hauzidi thuluthi ya mali yote, au hiba, yaani kumpa sasa hivi akiwa hai.

“Nikimpa sasa, naruhusiwa kuendelea kuvulia?”

Tulikwenda kuuliza. Tukaambiwa hiba haitimii mpaka kitu kikabidhiwe. Mvuvi aliwaza sana, tumeketi kwenye benchi la nje. “Ana miaka minane,” alisema. “Nikimkabidhi mashua, kesho ataniajiri.”

Akachagua wasia. Ikabidi nyumba na mashua vithaminiwe ili ijulikane thuluthi ni kiasi gani, na mashua peke yake ikaonekana ni pungufu ya thuluthi, basi akaongeza nyavu na minazi mitatu. Shahidi wa kwanza alikuwa sheha. Wa pili alikuwa mdogo wake mvuvi, mmoja wa wale watakaorithi, aliyekuja akiwa amenuna, akaisoma karatasi yote mara mbili akifuata kwa kidole. Alipofika kwenye jina la mtoto alilisoma kwa sauti, lote, pamoja na Abdalla wake, kisha akaomba kalamu.